Sura ya Mhanga Kwenye Simu ya Pimbi

Hadithi hii aliisimulia kwanza Shangazi Mwanaheri binti Kibwana, huko Korogwe, mwezi wa Machi mwaka 2017, baada ya sala ya alasiri, siku ya pili ya tanga la kaka yake. Aliwasimulia watoto saba waliokuwa wamekaa barazani wakichezea simu mbili za wakubwa. Kwa nini aliichagua siku ile, waliokuwepo wanajua. Imeandikwa hapa kama alivyoisema, isipokuwa pale alipoimba, maana wimbo wake hakuna aliyeushika.

Hapo zamani za kale, alisema, lakini si kale ile ya kabla ya moto. Ni kale ya juzijuzi tu, wanyama walipokuwa na nyumba, na mashamba, na simu za mkononi, na kila mmoja anajua bando lake linaisha saa ngapi.

Paliondokea Pimbi, mwanamke mdogo, mnene kidogo, asiye na mkia, aliyekaa peke yake katika ufa wa jiwe kubwa, bonde la Kwamawe. Zamani ufa ule ulijaa ndugu zake hadi wakilala wanapandiana migongoni. Kisha huyu akahamia majabali ya ng'ambo, yule akaolewa mbali, mama akafariki, na ufa ukabaki na mkeka mmoja, kikombe kimoja, na simu moja yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Mgeni wake alikuwa mmoja tu. Kila alasiri, jua likianza kulegea, aliisikia sauti nzito chini ya jiwe.

"Hodi, dada Pimbi!"

"Karibu, kaka Mhanga! Pita upande wa kivuli."

Mhanga mnamjua? Yule mchimba ardhi, pua ndefu, masikio kama ya punda, makucha kama majembe. Alipanda taratibu, akajibwaga juu ya bapa la jiwe, puu! Pimbi akammiminia chai ya mchaichai katika kifuu cha nazi, maana kikombe kilikuwa kimoja na Mhanga alikataa katakata kumnyang'anya mwenye nyumba kikombe chake.

Mke wa Mhanga, Bi Sikujua, alikuwa amefariki. Binti yao Chausiku aliolewa nchi ya mbali. Mhanga mwenyewe hakuwa na simu. Makucha haya, alisema, ni ya kuchimba, si ya kubonyeza. Kwa hiyo ujumbe wote wa Chausiku uliingia katika simu ya Pimbi, na Pimbi akamsomea.

"Kuna lolote?"

"Lipo. Anasema mtoto ameota meno mawili."

"Mawili! Ya juu au ya chini?"

"Hakusema."

"Muulize."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao, na kwa mtu mwingine yangekuwa madogo. Lakini Pimbi aliyangoja tangu asubuhi.

Sasa, miezi kadhaa kabla ya meno hayo, siku ya arobaini ya Bi Sikujua, Chausiku hakuweza kufika. Alikuwa na mtoto wa siku nne. Watu walipokwisha kula na kuondoka, Mhanga akamwambia Pimbi, "Nipige picha, mdogo wangu. Umtumie mwanangu aone kwamba nimesimama."

Pimbi akapiga picha tatu. Ya kwanza, Mhanga alijitahidi kutabasamu. Ya pili ilitoka kiwingu. Ya tatu, Mhanga alikuwa amekwisha kusahau kwamba anapigwa picha. Masikio yamelala, macho yamefumba nusu, pua imening'inia, anatazama kitu pembeni.

Pimbi alimtumia Chausiku ile ya tabasamu. Ya tatu hakuituma, wala hakuifuta. Aliiweka.

Mnasikiliza? Haya.

Huko chini mtoni alikaa Kiboko. Tumbo lile, mdomo ule, na sauti! Siku moja Kiboko aliamua kujenga ukuta kuzunguka bwawa lake, na ukuta unataka kokoto, na kokoto zinataka jiwe. Akafungua kundi la simu la Majirani wa Kwamawe, akaandika:

"Jiwe la Pimbi halina kazi. Jumatatu ya wiki ijayo tunalipasua."

Mwenyekiti wa kundi alikuwa Nyati. Nyati alikuwa mtu wa taratibu za babu zake, na alizihamishia zote ndani ya simu. Kesi husikilizwa siku saba. Kila mtu aseme lake. Na anayetukana wa kwanza, kesi imemfia, hata kama haki ilikuwa yake. Hivyo ndivyo walivyohukumu babu zake barazani, na Nyati hakuona kwa nini simu ibadilishe jambo lolote.

Pimbi akajibu kwa adabu. "Bwana Kiboko, hapo ni nyumbani kwangu."

"Nyumbani? Ule ni ufa! Au unasema mimi sijui nyumba?"

"Sikusema hivyo, bwana."

"Kumbe! Umekubali kwamba naijua nyumba. Na mimi nasema ile si nyumba. Mwenyekiti, andika hapo: Pimbi amekubali!"

"Sijakubali!"

"Mara amekubali, mara hajakubali. Mnamwona?"

Siku mbili zilikwenda hivyo. Kila neno la Pimbi lilifika mikononi mwa Kiboko likageuzwa huku na huku kama chapati, likarudi limeungua. Akiandika kwa upole, anaambiwa anaomba. Akiandika kwa ukali, anaambiwa hana malezi. Na Kiboko alipochoka kuandika alituma sauti, dakika sita nzima, na dakika tatu za kwanza ni pumzi tupu: puuuh! puuuh!

Watu wa kundi walisoma wakanyamaza. Nani amjibu Kiboko? Wote walikunywa mtoni.

Siku ya tatu Pimbi hakula. Alikaa juu ya jiwe akipiga hesabu isiyo ya fedha. Akifukuzwa atapata ufa mwingine; nyufa zipo. Lakini upande huu wa kivuli je? Na lile bapa? Magoti ya Mhanga yalikuwa mabovu, asingeweza kufika majabali ya ng'ambo. Nani atakuja alasiri aulize kama kuna lolote?

Akafungua picha zake, atafute ya bibi yake akiwa juu ya jiwe lile, iwe ushahidi. Akaperuzi, akaperuzi. Akaiona ile ya tatu.

Hebu fikirini. Picha ndogo, kioo kimepasuka. Masikio yamelala. Macho nusu. Ukiijua, inakuuma. Usipoijua, unaona mtu aliyechoka kusikiliza upuuzi, ambaye ana adabu mno kuondoka.

Pimbi aliijua. Hata hivyo akacheka, kheee! Na wakati huohuo Kiboko akatuma sauti nyingine ya dakika sita.

Pimbi akangoja iishe. Akangoja kidogo tena, kundi litulie kabisa.

Ting! Akaituma picha. Bila neno.

Kisha Fisi akapasuka. "Kwaaa-kwa-kwa-kwa! Jamani, mbavu zangu! Mzee Mhanga amechoka!"

Na mwingine akacheka, na mwingine. Waliokuwa wakimwogopa Kiboko siku tatu wakaona mlango wa kucheka bila kusema lolote, wakapita wote.

"Ni nini hii?" akauliza Kiboko.

Ting! Picha ileile.

"Pimbi! Nakuuliza wewe!"

Ting!

"Jibu kwa maneno kama mtu mzima!"

Ting!

Kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa. Kiboko alileta hoja tisa, amezipangia namba. Pimbi akamjibu kwa picha. Kiboko akaleta shahidi, picha. Kiboko akanyamaza kutwa nzima, kisha akasema, "Habari za jioni, majirani," na Pimbi akatuma picha, na Fisi akaangua kicheko hadi akadondosha simu kwenye sufuria ya mchuzi.

Neno lina mahali pa kulishikia. Sura haina. Kiboko aliirukia akateleza, akairukia akateleza.

Siku ya sita akamgeukia mwenyekiti. "Nyati! Huyu ananitukana!"

"Tusi liko wapi?" akauliza Nyati. "Nisomee."

"Hilo hapo! Hiyo sura!"

"Hiyo ni sura ya Mhanga. Ndivyo alivyoumbwa. Soma tusi, niliandike."

"Nitasomaje picha?"

"Kama halisomeki, basi sijaliona."

Ting!

Hapo ndipo kilipopasuka kilichopasuka. Kiboko alibonyeza sauti, akaunguruma hadi simu zikatetemeka mezani: "Na wewe Nyati ni walewale! Pembe mbele, kichwa kitupu! Baba yako alihukumu kwa mkia na wewe unahukumu kwa mkia!"

Kiboko akaifuta haraka. Lakini Fisi alikuwa amekwisha kuisikiliza mara tatu.

Nyati akaandika polepole, herufi moja moja. "Aliyetukana wa kwanza ni Kiboko. Kesi imemfia. Jiwe ni la Pimbi. Nimefunga."

"Pwiiii!" Pimbi alipiga mluzi mmoja, ukagonga ng'ambo ukarudi. Akarukaruka juu ya jiwe lake, mdogo vile, amemwangusha Kiboko bila hata neno la kumwangushia.

Alasiri Mhanga akaja. Puu!

"Kaka, nimeshinda! Hawapasui!"

"Alhamdulillahi! Umeshindaje?"

Pimbi akachukua muda kukipata kile kifuu. "Nilinyamaza," akasema. "Nilinyamaza vizuri."

"Umefanya jambo la maana," akasema Mhanga. "Kivuli chetu kimebaki." Akanywa chai. "Kuna lolote?"

"Lipo. Meno ni ya chini."

"Ya chini! Kama mama yake."

Laiti ingeishia hapo, ingekuwa hadithi fupi, na Shangazi angekwenda zake jikoni. Lakini picha haikuwa imefungwa na kesi. Fisi aliichukua, akaipachika maneno juu: ENDELEA TU, NAKUSIKIA. Akaituma kwa shemeji yake. Shemeji akaituma bonde la pili. Mume akichelewa kurudi, mke anatuma sura ya Mhanga. Mtu akidai kilichoazimwa, anarudishiwa sura ya Mhanga. Wiki mbili hazikuisha, ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona mhanga kwa macho.

Siku moja Mhanga akaja amechelewa.

"Dada Pimbi, kuna ugonjwa wa masikio bondeni?"

"Kwa nini, kaka?"

"Nilikuwa mashineni kusaga. Kila ninayemsalimu analaza masikio, anafumba macho nusu, halafu anageuka ukutani mabega yanamtikisika. Hata watoto. Nikawapa pole."

Pimbi alitazama chini. "Labda ni huu upepo wa vumbi."

"Labda," akasema Mhanga. "Kuna lolote?"

Lilikuwapo. Lilikuwapo tangu asubuhi, na Pimbi alikuwa amelisoma mara nane. Chausiku alikuwa ameandika hivi:

"Shikamoo shangazi. Imenifikia huku picha ya kuchekesha, na wote nyumbani kwa mume wangu wanaitumia. Niliicheka na mimi, siku mbili. Jana ndipo nilipoiona kanga iliyotundikwa nyuma, ya zambarau yenye michoro ya korosho. Ile ni kanga ya mama. Shangazi, huyo ni baba, siku ya arobaini. Nani amefanya hivi? Tafadhali baba asijue. Na mimi namwomba Mungu anisamehe kile kicheko."

"Bado," akasema Pimbi. "Hajaandika."

Mhanga akaitikia kwa kichwa. Akamaliza chai.

Usiku ule na siku iliyofuata Pimbi aliitafuta ile kanga katika picha. Ilikuwa pale, kwenye kona, pindo moja tu. Aliyeipiga picha ni yeye. Aliyeiona ni mtoto aliyekuwa mbali.

Siku ya tatu Mhanga hakupiga hodi. Alipanda akasimama. Fisi alikuwa amemwonyesha mashineni, tena kwa mapenzi kabisa: "Mzee, wewe ni maarufu! Unajua wewe ni maarufu?"

"Nionyeshe," akasema Mhanga.

"Kaka..."

"Nionyeshe, Pimbi."

Akamwonyesha. Mhanga alisogeza pua yake ndefu karibu na kioo, akatazama muda mrefu. Pimbi alingoja hasira. Angeipokea kwa mikono miwili. Haikuja.

"Hapa," akasema Mhanga, "nilikuwa nautazama mtungi. Bi Sikujua aliufunika asubuhi ile alipougua, na tangu hapo hakuna aliyeufunua. Nilikuwa nafikiri, maji yale bado ni aliyoyateka yeye."

Pimbi akaufuta ufa wa kioo kwa kidole.

"Umenipiga vizuri. Ndivyo nilivyokuwa." Akaondoa pua kwenye kioo. "Hii ndiyo uliyoshindia?"

"Ndiyo."

"Na mwanangu ameandika?"

Pimbi akamsomea yote, hadi kile kicheko cha siku mbili. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya kifaranga.

"Mwandikie," akasema Mhanga, "kwamba baba yupo. Mwambie kicheko si kosa lake, hakujua." Akashuka. Alishuka polepole sana kwa ajili ya yale magoti, na Pimbi angeweza kumfikia hata kwa hatua tatu. Hakumfuata. Alisimama na simu mkononi.

Kwanza akamwandikia Chausiku aliyoagizwa, na chini yake akaongeza: "Picha niliipiga mimi na kuituma mimi." Chausiku hakujibu.

Kisha akafungua kundi. Tangu siku ya tatu ya kesi hakuwa ameandika humo neno hata moja, na vidole vilikuwa vizito. "Majirani," akaandika, "ile picha ni ya mfiwa. Mzee Mhanga alikuwa katika arobaini ya mkewe. Nilikosa mimi. Nawaomba tuifute, na twendeni tukamsalimie."

Akaweka simu chini. Akangoja.

Ting!

Sura ya Mhanga.

Ting! Ting! Sura ya Mhanga, sura ya Mhanga. ENDELEA TU, NAKUSIKIA. Waliona mchezo unaendelea, wakaucheza. Wa kwanza kuituma alikuwa Kiboko.

Pimbi akakimbia kwa miguu hadi mlangoni kwa Mhanga. Shimo lilikuwa limezibwa kwa udongo kutoka ndani, kama wahanga wanavyofanya.

"Hodi, kaka Mhanga!"

Akagonga udongo kwa kiganja.

"Ni mimi. Sikuja na simu."

Aliweka sikio kwenye udongo. Mbali sana ndani alisikia kuchimba, kra, kra, kra, kunazidi kwenda chini. Akakaa hapo mpaka kivuli chake kikawa kirefu kuliko yeye, kisha akarudi.

Tangu siku hiyo mhanga hatoki mchana. Hutoka giza likishika, peke yake, saa ambazo hakuna anayeweza kuiona sura ya mwenziwe. Na pimbi, mkimwona juu ya jiwe, kutwa yuko juani, anatazama chini huku na huku, halafu ghafla anapiga mluzi, pwiii! na kunyamaza, kama mtu anayesikiliza kama ataitikiwa. Lile bapa la upande wa kivuli halikaliwi. Kifuu kipo palepale, kimefunikwa kifudifudi kisiingie vumbi.

Kabla hujaituma sura ya mwenzako ikusemee, muulize siku ile alikuwa anatazama nini.

Nyati alifariki kiangazi kilichofuata, na kundi likabaki bila mwenyekiti. Kiboko yu hai, na ukuta hakujenga. Fisi yu hai, anacheka. Chausiku yu hai, na mtoto wake sasa ana meno yote. Mhanga yu hai: asubuhi huonekana udongo mpya mlangoni pake. Pimbi yu hai. Shangazi Mwanaheri alifariki mwaka 2021. Wale watoto saba wote wapo.